Keki ya Jirani Mpya

Ndani ya basi la kusini mwa Atlanta, Bi Lavonia alikuwa amepakata keki ya siagi kama mtoto mchanga. Kijana aliyeketi kando yake akavuta harufu. "Sherehe ya nani, mama?"

"Ya kampuni!" Bi Lavonia akasonya. "Nyumba ya jirani imenunuliwa, na kwetu mgeni hukaribishwa kwa keki. Nabisha hodi, fundi ananiambia mwenye nyumba ni kampuni ya mabilioni, inanunua nyumba na kuzipangisha. Itaila kwa mdomo gani? Basi nampelekea dada yangu. Serikali itunge sheria iwapige marufuku hao, nyumba zinunuliwe na watu!"

Abiria wa mbele, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaitikia, "Amina."

"Mimi benki zote zilinikatalia mkopo," kijana akasema. "Kampuni kama hiyo ndiyo iliyonipangisha nyumba yenye ua, wanangu wakapata pa kuchezea. Mkiifukuza, niende wapi?"

"Si ungenunua yako! Wao ndio waliopandisha bei."

"Kwa mkopo wa nani, mama?"

Bi Lavonia akaitazama keki yake. "Ulipohamia, ulikula keki ya nani?"

Kijana akacheka kidogo. "Mwaka wa pili huu, hajabisha mtu. Labda wanadhani mimi ndiye kampuni."

Bi Lavonia akawakumbuka wapangaji wa mtaani kwake, ambao hajawahi kuwabishia hodi hata siku moja. Basi likasimama kituoni kwa dada yake. Akainuka, akamwekea kijana keki mapajani.

"Sheria bado naitaka," akasema akishuka. "Lakini karibu nyumbani, mwanangu."