Penseli ya Marehemu

Mjane wa wakili alikuwa kwenye basi akielekea maktaba ya sheria ya chuo kikuu, mkobani vifutio vipya. Vitabu alivyoipa maktaba hiyo vilikuwa vimechafuliwa kwa penseli na marehemu mumewe, nayo ilikuwa imetangaza kwamba leo vitasafishwa kwa msaada wa mjane huyo. Mbele yake, wanafunzi wawili wasiojuana walianza kubishana kuhusu tangazo hilo.

"Wavifute tu," alisema kijana mwenye miwani. "Kitabu si ubao."

Binti aliyekaa naye akamgeukia. "Weee kaka! Kesi za mikataba zilinitoa jasho mimi. Mzee yule kaandika pembeni, 'Mheshimiwa Jaji, hapa umeteleza,' halafu anaeleza kwa nini. Nilifaulu kwa sababu yake, Mungu amrehemu."

"Jaji anaambiwa kateleza?"

"Tena chini kaongeza, 'Mke wangu ndiye aliyeling'amua hili.' Natamani nimwone huyo mama, nimshike mkono nimwambie asante."

Mjane akageukia dirisha haraka. Miaka yote ile ya kuongea na mtu aliyeinamia kitabu, kumbe alikuwa akisikilizwa!

Basi likasimama. Wale wawili bado wanabishana, yeye akashuka, akimwachia kondakta vifutio vyote. "Wapelekee wanao, baba."