Mfereji Uliofungwa Utepe

Mwaka wa tisini na sita, katika basi la kutoka Voi, nyuma yangu waliketi wanawake wawili waliojuana kwa salamu tu. Mama Muinde wa Marungu alikuwa akiishukuru serikali tangu tutoke steji. “Wametupatia mabomba, sisi tukachimba mtaro na majembe yetu. Sasa maji imefika mpaka kanisani! Mungu awabariki.”

“Alhamdulillahi,” akasema Bi Mwanamina wa Kaloleni. “Na ni matamu?”

“Hatujaonja. Mfereji umefungwa utepe, tunangoja mgeni rasmi aje akate.”

“Subhanallah! Tangu lini?”

“Tangu Pasaka. Lakini mama, watu wametukumbuka hivyo, sisi tufungue kabla yao? Hiyo ni kukosa shukrani.”

“Dadangu, mimi ningekunywa kwanza, halafu nishukuru koo likiwa limelowa.”

Mama Muinde akacheka, wala hakukasirika.

Basi likasimama Marungu, Mama Muinde akashuka. Utingo akamteremshia kutoka kwenye keria jerikeni la maji, limejaa pomoni.

“Hii nimechota Voi,” Mama Muinde akatuambia kupitia dirisha, uso umemchangamka. “Mgeni rasmi akija, hawezi kukosa chai.”