Joram Obiero Okinyi, Mpulizaji wa Namba Nne

Mzee Joram Obiero Okinyi, ambaye wapenzi wa muziki wa Kisumu walimwita Namba Nne, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na Muhoroni. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Okinyi, kibarua wa mashamba ya miwa, na Mama Dorca. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka akilia kwa sauti moja ndefu isiyokatika, mpaka mkunga akamwomba apumue. Mimi mdogo wake, Enos, sikuwepo, lakini sisi tuliomjua hatuna sababu ya kubisha.

Alisoma shule ya msingi ya misheni huko huko Muhoroni kuanzia 1959 hadi 1965, kisha akapata miaka miwili ya sekondari kabla ya baba kuugua na masomo kukatika. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Alichokichukua shuleni ni muziki. Bendi ya kanisa ilikuwa na saksafoni moja kuukuu, na mwalimu alimpa Joram kwa kuwa ni yeye tu aliyekuwa na pumzi za kuijaza.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa karani wa stoo ya vipuri mjini Kisumu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2006. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Iliyomfurahisha ni ile ya mwisho wa wiki, alipopiga jazi katika hoteli za kando ya ziwa pamoja na rafiki yake wa chanda na pete, mpiga ngoma Ooko. Mdomo wa saksafoni yake, ule mweusi wa kuingiza kinywani, aliununua mwaka 1977 na hakuubadilisha tena. Meno yake ya juu yaliuchimba vishimo viwili, na mtu akiomba kuujaribu, alimjibu, "Omera, ndugu yangu, wewe unaazimanga mtu mswaki?"

Jina la Namba Nne lilitokana na ridi, kile kibao chembamba cha tete kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni ili kitetemeke na kutoa sauti. Ridi zina namba. Ndogo ni laini, kubwa ni ngumu, na nne inataka mashavu ya chuma. Joram hakupiga nyingine. Aliwacheka wenzake wa mbili na nusu mpaka wakaficha visanduku vyao. Mwaka 1983 ridi zilipoadimika madukani, Ooko alimshauri atumie ya namba ndogo iliyokuwepo. Joram alikwenda Dunga, akakata matete ya ziwani, akachonga yake mwenyewe. Ooko anaapa kwamba sauti iliyotoka ilimfanya mbuzi wa jirani aitikie.

Tarehe 8 Desemba 1979 alimwoa Seline Nanyama, binti wa wachuuzi wa samaki wa Port Victoria, ambaye yeye alimwita Nyar Port, yaani binti wa Port. Siku ya kujitambulisha ukweni, Joram alifika na ridi shavuni akiilowesha, kwa sababu jioni alikuwa na onyesho. Baba mkwe alimuuliza jina, ukoo na kazi. Yote matatu aliyajibu kwa "mm."

"Nanyama," mzee alimgeukia binti yake, "umetuletea bubu?"

Joram akaitoa ile ridi, akaipangusa kwa leso, akaeleza kwa heshima zote. Mzee aliinama kuitazama.

"Sasa hiyo mbao ndiyo mtakula na mtoto wangu?"

Walikula vizuri tu. Seline, ambaye sasa sote tunamwita Mama Seline, aliuza samaki pale sokoni Mamboleo kwa miaka arobaini, na hakuna mkono Kisumu nzima unaotoa mifupa ya mbuta kama wake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Akinyi na Robinson.

Tarehe 3 Juni 2022 Mzee Joram alipatwa na kiharusi. Alipona miguu, alipona mkono, lakini upande wa kushoto wa mdomo ulilegea. Mwezi Desemba alijaribu saksafoni, ukatoka upepo mtupu. Akaisukuma chini ya kitanda. Siku tatu hakuongea na chakula alikigusa tu, na Mama Seline aliogopa kwamba kimya kile kingemuua kabla ya ugonjwa. Ooko alikuja na ridi ya namba mbili.

"Chukua hii, Jaduong', mzee wangu. Ni laini, utapiga."

"Mimi si mtoto wa shule," Mzee alisema. "Hiyo peleka kwa watoto. Afadhali ninyamaze."

Mama Seline hakubishana naye. Alichukua kisanduku cha namba nne, akaingia nacho jikoni, akanoa kisu cha samaki, akaanza kuzikwangua ncha za ridi ili ziwe nyembamba na laini. Saba za kwanza aliziharibu. Ya nane Ooko aliijaribu kwenye saksafoni ya kanisa, akatikisa kichwa kukubali, na ikarudishwa kisandukuni penye maandishi ya namba nne. Wiki hiyo Mzee akabembelezwa ajaribu mara moja tu. Sauti ikatoka. Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2023, alipiga kanisani, na watu walilia.

"Umeona?" alimwambia Robinson. "Namba nne. Hawa madaktari hawajui kitu."

Mama Seline aliinamisha uso. Kwa karibu miaka miwili, kila Mzee alipokwenda kwa kinyozi, yeye alikuwa jikoni akikwangua. Kabla ya hapo hakuwahi kumdanganya mumewe kwa lolote. Sasa alijua kwamba siku Mzee atakapogundua, saksafoni itarudi chini ya kitanda na haitatoka tena.

Tarehe 20 Januari mwaka huu wa 2025 kiharusi cha pili kilimlaza. Mama Seline aliona si haki amwache aondoke na uongo wake. Asubuhi moja alikaa kando ya kitanda, akaungama. Ametuomba tuyasome haya bila kupunguza.

"Baba Akinyi, hizo namba nne nilikuwa nakwangua. Haikuwa namba nne."

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nyar Port, nimepiga namba nne miaka arobaini. Ulimi yangu ingekosaje kujua? Siku ya kwanza nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeona aibu, ungeacha. Na mimi nilikuwa nataka kupiga."

Mama Seline alilia, kisha akamkaripia sana kwa kumwacha ajifiche jikoni kama mwizi. Mzee alingoja amalize, ndipo akamwomba alete kisu na ridi mpya. Mama Seline alimkwangulia pale pale mbele yake kwa mara ya kwanza, naye akawa anamwelekeza, hapa zaidi, pale basi. Hakuwa na pumzi tena ya kuipuliza, na wote wawili walijua hivyo walipokuwa wakiifanya.

Mzee Joram aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Seline Nanyama, watoto, Akinyi na Robinson, mjukuu, Shantel, mdogo wake, Enos, anayewasomea haya, na rafiki yake Ooko, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu.

Nenda salama, Wuod Okinyi, mwana wa Okinyi. Mungu akupe pumziko la amani.