Punda Ana Mlango Wake

Kando ya kibanda cha kinyozi palikuwa na benchi lenye mguu mmoja wa matofali, na hapo ndipo wanaume walipokunywa kahawa wakitatua mambo ya watu. Asubuhi hiyo jambo lilikuwa la mwenzao. Muuza maji, yule waliyemwita Katakiu, mume wa mtu na baba wa watoto, alikishika kikombe kama aliyeshika kifaranga. Punda wake alingoja pembeni, mkokoteni umejaa madumu. Katakiu alikuwa na fundi cherehani moyoni, mwanamke asiyejua lolote. Siku moja mwanamke huyo alimwambia tu "pole na jua," basi, jua likamwingia mwilini likagoma kutoka.

— Nimejitahidi, ndugu zangu. Napita nimeinama. Siku hizi ana bomba, maji yangu hayanunui. Lakini punda akifika mlango ule anasimama mwenyewe! Na kesho mama watoto anakuja kunisaidia madumu, kwa ajili ya mgongo huu.

— Umekwisha, alisema Mkasi, ndiye kinyozi. Mpitishe mbio. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

— Si wanasema apite pole, wewe? alisema mama aliyewauzia kahawa.

— Basi na ajikwae, bora kuliko kusimama.

— Pita njia nyingine, alisema mama wa kahawa, akimwongezea Katakiu kikombe.

— Nilipita, mama. Punda alilia mtaa mzima mpaka nikamrudisha.

Mkasi akatoa wembe.

— Mapenzi ya namna hii hukaa kisogoni. Nikunyoe kipara, upepo uyapige, yatapoa.

— Kipara cha nini? alidakia Waya, fundi redio. Huyu amenasa stesheni ya jirani. Usiku ageuke, kichwa kikae miguuni. Antena ikigeuka, sauti hukatika.

— Na mke wangu akiuliza kwa nini namnusisha nyayo?

— Basi haba na haba hujaza kibaba. Mpende kidogo kidogo mpaka yaishe.

— Hujaza, Waya! alisema mama wa kahawa. Hujaza!

— Basi uza punda, ununue mwenye mke. Mwenye mke hasimami ovyo.

— Kwani mimi sina mke?

Katakiu alikitua kikombe benchini, na kicheko chao kikakatika. Mkasi akamshika bega.

— Pole, ndugu yangu. Moyo hauna lijamu.

— Sijamwambia neno yule mwanamke. Naogopa uso wa mke wangu tu.

Hapo akafika mama mmoja, mpangaji mpya, funguo bado mkononi.

— Hamjambo, wenyeji? Muuza maji ni nani?

— Ndiye huyu, dada.

— Kaka, uwe unaniletea madumu mawili. Sitaki kukusumbua, nifanye wa mwisho, ukishashusha ya kwako nyumbani. Kwako huwa unashusha saa ngapi?

Kwake Katakiu hakuwahi kushusha hata dumu moja. Katakiu alifumbua mdomo, na alichokiona ni mkewe alfajiri ile, ndoo kichwani, akitoka kisimani, akijibana ukutani kumpisha punda.

— Nitakuletea, dada, alisema mwishowe.

Akashika hatamu, akageuza mkokoteni kuelekea kwake.

Mkewe alikuwa akiosha vyombo. Alipoona dumu la kwanza linashuka mlangoni, na la pili, alijifuta mikono.

— Baba, leo yamekosa mnunuzi?

— Hayakukosa. Ni yako. Na kesho, mama, punda akisimama mlango fulani, usimchape. Kosa si lake.