Mama Kioo na Mashine Inayogoma Kukuza

Miaka thelathini na mmoja Mama Kioo amekaa kwenye chumba cha kadi za wagonjwa, na Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu. Mimi ndiye nafagia chumba hicho. Kusoma sijui, kwa hiyo karani anaandika ninavyosema, na asinirekebishe.

Jina alilipata kwa kile kioo chake cha kukuzia, mpini umefungwa plasta ya hapa hapa hospitali. Madaktari wa zamani, Mungu awasamehe, mwandiko wao wa kuku. Yeye anachukua kadi, anasogea dirishani, anaigeuza geuza kwenye mwanga mpaka isomeke. Na huku anawasema. Kuna mmoja Mama Kioo alimwambia mkono wake ungefaa kuchimba mitaro. Daktari akacheka, kesho yake akaandika vibaya zaidi.

Halafu ikaja mashine. Kadi zote zikapigwa picha, zikashushwa stoo, programu isome yenyewe. Haya. Lakini picha zilipigwa ndogo, eti zisijaze kompyuta, na programu nayo kukuza kwake kuna mwisho, ikifika hapo inagoma. Ukilazimisha, unapata doa kubwa badala ya doa dogo. Nimeona mwenyewe, fagio mkononi, herufi zimekuwa kama vigae vya bafuni. Kutwa nasikia, "Ongeza kidogo, ongeza kidogo." Uongeze uende wapi?

Mwezi wa pili mdogo wangu aliletwa, mguu umevimba, unatoa usaha. Mashine ikasoma kadi yake, ikasema hana dawa inayomdhuru. Sindano imeshajazwa. Mama Kioo akaitazama ile picha, akaona kijidoa pembeni.

"Uchafu tu huo, mama," fundi wa kompyuta akamwambia.

"Uchafu gani wa wino mwekundu, baba?"

Akateremka stoo na magoti yake yale mabovu, ngazi kumi na nane, akarudi na kadi yenyewe. Pembeni pale, maandishi madogo kama mayai ya chawa: penisilini iliwahi kutaka kumuua akiwa msichana. Sindano ikawekwa chini. Mdogo wangu leo yuko nyumbani, ananichosha kwa maneno.

Sasa nasikia Mama Kioo akishaondoka kadi zichomwe, kwa kuwa picha zipo. Picha zipi? Hizo hizo? Bosi, nakuheshimu, lakini hapo hapana.

Jumatatu alinikabidhi ufunguo wa stoo na kile kioo. Kila kadi naijua ilipo, miaka yote nazipangusa mimi. Mashine ikigoma, niiteni, nitaleta kadi na kioo. Kusoma someni nyie, macho mnayo. Na anayetaka kuchoma, ufunguo aje auombe kwangu, tutazungumza.

Mama Kioo, asante kwa kunibakishia ndugu. Nenda kapumzishe magoti, ukae nyumba isiyo na ngazi, na kuanzia leo usome vilivyoandikwa kwa herufi kubwa tu.