Kitambaa cha Maliro na Ngazi za Etaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetumwa kwetu na serikali kutoka jimbo la mbali;
Waheshimiwa wakubwa wa jeshi na polisi;
Wachungaji na mapadri;
Bwana Ignace, rais wa Kamati ya Maonyesho na mwenye jengo hili;
Wafanyabiashara wa Butembo na ndugu zetu mliotoka Beni;
Mama na baba, kila mmoja kwa cheo chake na heshima yake. Na yule ambaye cheo chake sikukitaja asikasirike, protokole inakijua.

Mimi ni Bénite, mwalimu wa kuchora, na leo nasema kwa jina la wasanii ambao kazi zao zimewaleta hapa. Programu inasema nitoe neno la shukrani. Nitalitoa. Mama yangu alinilea vizuri kule Musienene, alinifundisha kwamba mtu akikupa maji machafu, unamshukuru kwanza kwa kikombe.

Basi nianze na kikombe. Bwana Ignace, jengo lako ni zuri. Vigae vinang'aa mpaka mtu anaogopa kuvikanyaga, na nadhani ndiyo sababu viliwekwa. Viti vya mbele vina mito, viti vya katikati ni vya plastiki, na viti vya nyuma havipo, kwa kuwa watu wa nyuma hamkuwaalika. Hiyo ni akili kubwa. Kamati nyingine ingehangaika kutafuta viti. Ninyi mlipunguza watu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wewe umefika juzi, makosa ya nyumba hii hayakuhusu bado. Nakuomba utazame bango lililo nyuma yangu. Limeandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: Sanaa kwa Wote. Chini yake kuna picha ya maonyesho ya mwaka jana. Vijana wa protokole, wenye suti nyeusi na glavu nyeupe, wamembeba msichana juu ya kiti na wanapanda naye ngazi hizi ulizopanda wewe. Kila mtu anacheka kwenye picha. Msichana hacheki, mais nani anamtazama yeye?

Anaitwa Maliro. Miguu yake haitembei tangu utotoni. Anatembea kwa kinga, baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayosukumwa kwa mikono. Familia yake ilitoka Mabalako, ilikimbia kama wengi walivyokimbia, na sasa inakaa hapa Butembo kwa jamaa. Maliro anashona picha kwa vipande vya vitenge. Alishona shamba la baba yake: kakao, mihogo, nyumba, njia ya kwenda mtoni, na majirani wote kila mmoja mahali pake. Vipande alivishona nyumbani kwangu, na siku alipoviunganisha kikawa kitambaa kimoja, siku hiyo hiyo protokole walikuja kukichukua. Baba yake, mzee Ananie, hakuwa amekiona. Macho ya mzee yanafifia kila mwezi, na alikuwa na haraka. Binti yake akamwambia: papa, tutakiona wote kwenye maonyesho.

Wakafika. Mzee Ananie alisimamishwa pale chini mlangoni. Kijana wa protokole akamtazama miguuni akamwambia, "Papa, na hii kandambili hapana ingia. Bakubwa beko ndani."

Mzee akasema, "Mutoto wangu njo alishona."

"Alishona nini?"

"Shamba yangu."

Kijana akacheka, akampisha mtu mwenye viatu. Mzee alikimbia Mabalako na kandambili hizo. Viatu vyake vya kanisa vilibaki kule. Mlitaka arudi kuvichukua?

Wakati huo huo binti yake alikuwa anapandishwa. Hakuomba kubebwa. Aliomba kitambaa kiteremshwe, akionyeshe mwenyewe pale chini, karibu na barabara. Akaambiwa kwamba mpiga picha yuko juu anangoja. Wakamnyanyua kama chifu wa zamani kwenye kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, picha ikapigwa, makofi yakapigwa, na kinga yake ikasukumwa nyuma ya jengo kwa sababu ilikuwa inaharibu mlango.

Ndugu zangu, nawauliza, na msijibu haraka: mtu aliyepandishwa, nani anamteremsha? Hotuba zilipokwisha, wakubwa walishuka kwenda kwenye kokteli bustanini, na protokole ikawafuata wakubwa, maana kazi ya protokole ni kufuata wakubwa. Sala, yaani ukumbi huu, ikafungwa. Maliro akabaki humu ndani, juu ya kiti, mbele ya shamba lake. Alipiga kelele. Muziki ulikuwa mkubwa. Akaona kelele hazifai, akaanza kuimba nyimbo za kanisa karibu na dirisha, kwa sauti yote Mungu aliyompa.

Na ninyi mlimsikia! Hilo ndilo linanichoma. Siku ile nilikuwa Beni kwenye kilio, mais nimesimuliwa na watu waliokuwa wameshika glasi. Mlimsikia, mkasema, "Chorale inaimba muzuri." Kuna aliyeinua glasi kuelekea dirishani. Mtu anaomba msaada juu ya vichwa vyenu, ninyi mnamtolea alama za sauti!

Mathe, sentinele anayelinda jengo hili, ndiye aliyemkuta jioni, alipopanda kufunga madirisha kwa sababu ya mvua. Akamuuliza, "Weye uko unafanya nini huku?" Maliro akamjibu, "Niko nangojea bale benye balinileta." Mathe akamuuliza jambo ambalo hakuna suti nyeusi iliyomuuliza: nikushike namna gani? Akamteremsha mgongoni, polepole. Pale chini baba yake alikuwa bado amesimama, amelowa. "Wasingya, papa Mathe," binti akamshukuru, na kwangu mimi akasema baadaye, "Mama, balinipandisha sawa malkia, bakanisahau sawa mwavuli."

Naona Aristote, mshereheshaji wetu, ananionyesha saa. Aristote mwanangu, nilikufundisha kuchora duara, leo unanifundisha muda? Kaa kidogo.

Baada ya hayo yote, ungefikiri kamati ililala bila usingizi. Hapana. Kamati ilichagua picha na kutengeneza bango. Kitambaa kikakunjwa, kikawekwa depo pamoja na kazi za wengine, kingoje mwaka huu, na mzee Ananie naye angoje, kana kwamba macho yake nayo yanaweza kukunjwa na kuwekwa depo.

Nilikuja kwenye mkutano wa kamati. Nikasema: ndugu, tuonyeshe chini. Kuna kiwanja cha kanisa hapo ng'ambo ya barabara, kuna maegesho ya malori yanayokwenda Kirumba, kuna masoko. Tutundike kazi kwa urefu wa mkono wa mtu aliyeketi. Asiyeona apewe nafasi ya kugusa, asiyesoma Kifaransa asomewe, mwenye kandambili aingie na kandambili zake. Bwana Ignace, unakumbuka jibu lako? Mimi nalikumbuka. Ulisema, "Mama Bénite, sanaa hapana viazi. Hatuwezi tandika hii mambo chini sawa soko ya Musienene."

Kweli, Bwana Ignace, sanaa si viazi. Kiazi cha Musienene kina heshima zaidi. Kiazi kinashikwa, kinageuzwa, kinagombaniwa, mama anakinusa, anakirudisha, anakichukua tena. Picha zenu nani amewahi kugombana nazo? Mnapita mbele yake mikono nyuma, mnatikisa kichwa, mnasema "intéressant", mnaulizia kokteli. Kitambaa ambacho Maliro alikiita Mashamba Yetu ya Mabalako mlikibandika karatasi: "Textile, memory ya ardhi," nusu yake hata Kifaransa si Kifaransa. Mtu wa Mabalako angepita hapo asijue kwamba anaitwa kwa jina.

Mais nisiwe mtu asiye na shukrani. Mwaka huu kamati imefanya maendeleo, na lazima niyasifu. Mmechora ile alama ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Mmeichora vizuri, kwa rangi ya bluu, na ninasema kama mwalimu wa kuchora: mistari imenyooka. Mmeichora wapi? Kwenye mlango wa sala hii. Juu ya ngazi! Mtu wa magurudumu akipenda kujua kama anakaribishwa, apande kwanza etaji, ghorofa nzima, aone alama, afurahi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ninyi mmepata dawa, asiyekuwepo mnamchora.

Na Maliro mlimwalika? Mlimwalika, ndiyo. Protokole walimfuata nyumbani na glavu zao, wakamwambia ajiandae kubebwa, picha ya mwaka jana ilipendwa sana. Alikataa. Mkashangaa, mkasema watu hawa ni wagumu kusaidia. Nataka niseme hapa, mbele ya mgeni wa serikali, kwamba nilisikia aibu siku ile, na hasira, na hasira bado ninayo. Mzee Ananie sasa haoni uso wa mtu mpaka amkaribie sana. Mwakani mngempa nini, bango jingine?

Kwa hiyo tulikutana, sisi wasanii. Tuliulizana swali moja: hizi kazi ni za nani? Si za kamati. Si za jengo. Tukakubaliana wote, hata wale wenye kuogopa, hata yule anayekaa nyumba ya kupanga ya Bwana Ignace.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa mila yetu inataka ukate utepe, kisha vijana wavute mashuka meupe yale yaliyofunika kuta, tupige makofi. Naomba usijisumbue kuvuta. Nyuma ya mashuka hakuna kitu. Kuna ukuta, na misumari.

Tulieni, tafadhali. Bwana Ignace, keti. Hakuna kilichoibwa. Msimtafute Mathe, hakushika ufunguo. Depo niliifungua mimi, kwa ule ufunguo mlionikabidhi nipange kazi, nami nimezipanga. Zimetundikwa kwenye kamba katika kiwanja cha kanisa, ng'ambo ya barabara, tangu asubuhi. Mama wa soko wamepita, madereva wa Kirumba wameacha malori wamepita, watu wa Mabalako wamekuja wengi mpaka tumeongeza kamba. Wana kandambili, na wengine hawana kitu miguuni.

Nilikuwepo kabla ya kupanda huku. Maliro alikuwa kwenye kinga yake, kando ya kitambaa chake, akieleza. Mzee Ananie alikaribia mpaka pua ikagusa kitenge, halafu akaacha kutumia macho, akatumia mikono. Alipita kwenye kakao, akapita njia ya mtoni, akafika nyumbani. Akasimama. Nilifikiri atalia, na mimi nilikuwa tayari nalia. Akasema kwa sauti kubwa, "Maliro! Nyumba ya kuku uliweka karibu na jikoni? Ilikuwa upande ya migomba!" Binti akakataa. Jirani mmoja akasema mzee ana haki, mama mwingine akasema hapana, hiyo ya migomba ilikuwa ya kwake yeye. Nimewaacha wanagombana, watu wazima, wenye furaha namna ambayo sala hii haijaiona. Maliro alikuwa anacheka, na hapakuwa na mpiga picha.

Wakubwa wangu, huku juu mmebaki na mito, na utepe, na bango. Maonyesho yako chini. Mlango hauna mtu wa kutazama viatu, hata vyenu vitaingia. Na kwa kuwa Mungu aliwapa wote humu ndani uwezo wa kushuka ngazi, hatukuandaa watu wa kuwabeba.

Kwa masikio mliyonipa mpaka hapa, asanteni sana. Sasa naomba miguu.