Mwenye Sura Aulizwe Kwanza

Sogezeni viti, Boniface na Grace, mkae pale ninapowaona wote wawili, maana daktari ameshaniambia kwa upole kwamba moyo huu umechoka, nami nimemwelewa. Msikunje nyuso. Nimeishi nikashiba, na leo nina hamu ya kuongea.

Nyumba hii ni yenu nyote, asiiuze mmoja bila mwenzake kukubali. Mgahawa uwe wa Grace, maana ndiye aliyekuwa akiamka na mimi kuwasha jiko, mabasi yakisimama hapa Nangurukuru na abiria wakidai chai kwa fujo. Mikorosho ni ya Boniface, anayeipenda sana, ingawa anaipenda zaidi akiipiga picha kuliko akiipalilia. Hayo ni mepesi. Linalonikaa moyoni ni ule ukuta mrefu wa mgahawa, na maonyesho ya picha tunayoyafanya pale kila mwaka korosho zikishauzwa, picha bora ikapewa zawadi.

Baba yenu Sixbert, Mungu amrehemu, alianza kwa kutundika picha za wateja wa studio yake ambao hawakurudi kuzichukua. Wapiga picha wa Masoko, wa Sudi na wa Lindi mjini wakaomba nafasi, na alipofariki nikaendelea mimi, bila utaratibu wowote: mwenye picha kubwa alijaza ukuta, na mwenye fremu ya kung'aa alisifiwa fremu.

Utaratibu ulikuja na Salima. Grace, wewe wakati huo ulikuwa chuoni, kwa hiyo sikiliza vizuri. Iliyoshinda mwaka ule ilikuwa picha ya Ahmadi, yule fundi wa picha za harusi: mwanamke anafuta machozi kwa ncha ya khanga, na chini yake ameandika, "Kilio cha Mkulima." Watu walisimama mbele yake wakatikisa vichwa mpaka chai zao zikapoa. Basi mchana mmoja akashuka kwenye gari la Likawage mwanamke mnene, mchangamfu, akaagiza wali na samaki, akainua macho ukutani kama anayetafuta kitu alichoambiwa, akajiona.

Hakupiga kelele. Alimaliza wali wake, akanyonya na kichwa cha samaki, akanawa, akaenda kuitoa picha ukutani, akarudi akaikalia. Nikamwuliza, "Mama, vipi tena?" Akasema, "Niitie aliyenitundika."

Ahmadi akaja mbio. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi naitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Nilikuwa nalia nini?"

Ahmadi akatazama chini, akasema alidhani ni shida za shamba.

"Nilikuwa nacheka!" Salima akamwambia. "Mume wangu alikuwa anafukuzwa na jogoo wake mwenyewe, kashika kikoi kisimdondoke, nikacheka mpaka machozi. Sasa binti yangu kasikia mama yake katundikwa analia, kaja mbio kutoka Lindi akijua baba yake kafa. Na kaka zangu wamemweka mume wangu kikao, wanamwuliza ananipiga kwa nini."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko, lakini mimi nilikuwa karibu naye nikaona yeye hacheki. Mumewe alikuwa hatoki nje tena kwa aibu. Ahmadi naye aliona. Akataka kuirudisha zawadi palepale, Salima akakataa. "Picha ni nzuri, mwanangu. Maneno ndiyo mabaya. Twende ukayaseme haya kwa kaka zangu." Wakapanda gari moja mpaka Likawage, Ahmadi akasimama mbele ya kikao akaeleza, na aliporudi tuliitundika tena kwa maneno aliyoyataka Salima: "Salima akimcheka mumewe na jogoo." Watu walijaa kuliko mwanzo, na mume mwenyewe alikuja, akasimama pembeni ya picha, akawa anawaonyesha wageni jogoo alipotokea.

Kwa hiyo nawausia. Asipokee mtu picha ya uso ambao mwenyewe hakuulizwa, wala maneno ambayo mwenyewe hajayakubali. Picha zote zisafishwe kwa kipimo kimoja, bila fremu, na jina la mpigaji likae nyuma, wanaochagua wasilijue. Maonyesho yakiisha, kila mtu arudishiwe yake. Asitokee mjanja akaigeuza kalenda ya kuuza.

Na mtoto wa anayechagua asishindane. Hapo najua Boniface ananitazama. Nilikukatalia ile picha yako ya wavuna chumvi, ukaacha kula kwangu msimu mzima. Mwanangu, ilikuwa nzuri kuliko zote zilizokuwa ukutani. Nilijua hivyo siku ile ile, nikanyamaza, kwa sababu ningesema, nani angeamini sifa ya mama?

Ndiyo maana ukuta simwachii yeyote kati yenu. Nimemwomba Salima ausimamie, amekubali, na Grace utampa chai asubuhi na wali mchana bila kumhesabia. Yeye si shangazi yenu wala hamchekei mtu.

Niinue kidogo, Grace. Hapo. Pumzi inakuja kwa kuombwa.

Mungu awape afya... awape macho ya kuona watu, siyo kuwatazama tu. Mpendane. Boniface, mwaka huu kapange foleni na wenzako, upeleke wale wavuna chumvi. Ukishinda, wapikie watu pilau.

Ukishindwa... wapikie vilevile.